Hesabu ya Jumatatu

Nimewachovya kwenye maji ya moto, kisha spiriti,
wakanyooka kama punje za mchele wa Kyela.
Aliye mrefu kuwashinda wote: milimita kumi na tano.
Mkiani, chini ya lenzi, mipasuo mitatu ya kupumulia.
Huyu keshajivua gamba mara mbili.

Kipupwe cha hapa hakimdanganyi mtu,
bati ndilo mwongo.
Nimetundika kipimajoto Kigogo, kwenye chumba kilekile cha uani,
siku nne, naandika nyuzi kila saa,
jirani ananiuliza kama natengeneza friji.

Mlango ulivunjwa Alhamisi alfajiri.
Narudi nyuma, napunguza joto la bati, narudi tena:
hesabu imegoma kutoka Jumatatu.
Jumatatu jioni nzi wa kijani alishafika,
hakupiga hodi,
akataga pembeni mwa jicho.

Lakini Sikudhani, dada wa marehemu, anayo simu.
Ujumbe wa Jumatano, saa mbili usiku:
Nipo salama dada. Nitumie elfu hamsini.
Alituma. Akajibiwa asante.

Funza hajui kusoma,
wala hana namba ya kutumiwa pesa.

Naandika: Jumatatu.
Sikudhani anautazama mkono wangu.