Kigae Kitupu

Seti ililetwa na shemeji yake Bikombo kutoka Dubai:
Q moja, X moja, na K moja tu,
kana kwamba duniani hakuna anayekaa, anayekula, anayekataa.
Nikaja na spiriti ya wodini,
tukazisugua Q na X mpaka zikabaki uchi,
tukaziandika K kwa kalamu isiyofutika.
Ndiyo bodi yetu ya Wete hiyo.
Harufu ya hospitali haijatoka mpaka leo.

Sheria ziko nyuma ya risiti ya karafuu:
kitenzi ruhusa kuvaa nafsi, kuvaa wakati, hata kukana.
Majina ya watu, hapana,
ila Riziki, maana yeye ni mtu na ni neno.
Na maana haina pointi.
UA ni ua, la kunusa au la makuti,
au amri ya kumwaga damu:
mbili tu, andika, tuendelee.

Usiku wa fainali Mwalimu Asaa wa Konde
alifungua na PIKA, A yake juu ya nyota.
Anacheza kama anavyosahihisha madaftari,
kila herufi iliyotoka anaikata mstari kwenye karatasi yake.

Mimi nilikuwa na T, nilikuwa na A.
Nizitangulize?
TAPIKA.
Herufi mbili, na chakula chote kinarudi juu.
Mimi muuguzi, neno hili nalipiga deki kila zamu.
Vidole vilishazigusa,
macho yakateleza kushoto:
vyumba viwili vitupu, halafu kile chekundu, cha mara tatu.
Nikiweka TA nimemfagilia njia.
NI, TU, WA, chochote atakachookota,
atapita kwangu na viatu vyake.

Nikacheza OA, pembeni huko, bao la kimaskini.
"Mize leo kaoa," akasema Bikombo, wakacheka.
Zamu iliyofuata nikarudisha herufi tatu mfukoni
nikakaa bure.
Hawakucheka tena. Walinionea huruma, na huo ndio ubaya zaidi.

Umeme ukakatika.
Tukaweka taa ya chaji juu ya ndoo iliyopinduliwa,
na mikono yetu ikawa mikubwa ukutani.

Kitupu nilikuwa nacho tangu mwanzo,
mwisho kabisa wa kibao changu, uso hauna chochote.
Mara tatu njaa iliniambia kitumie.
Mara tatu nilikisogeza tu, kwa kidole kidogo,
kama mtu anayemlaza mtoto upande wa pili.

Mfuko ukaisha.
Mwalimu akapitisha kalamu kwenye orodha:
S zimekwenda, H zimekwenda zote mbili.
Akatabasamu nusu mdomo.
KU.
KUPIKA.
Akauziba mlango wangu wa TA, akanisogezea bodi kwa heshima,
mbele kwa ishirini na mbili.

Alihesabu kila kilichoandikwa.

Nilikaa dakika nzima. Si kwa kufikiri, kwa adabu.
Nikaweka A.
Mbele yake, juu ya chumba chekundu,
nikaweka kile kisicho na kitu.
"Hii H," nikasema.

HAKUPIKA.

Riziki ndiye aliyepasua kimya:
"Mwalimu kapika, Mize kakana!"
Tisa, mara tatu. H yenyewe haikuchangia hata moja.
Mwalimu akabaki na Z na G,
wageni wawili wasio na pa kulala.
Kamusi hakuiomba.
Alinipa mkono, akakiokota kigae,
akakigeuza huku, akakigeuza huku,
akakirudisha palepale, kimenyooka.

Nyumbani nilifika saa tano.
Dirishani nikamsikia Khatib, simu sikioni, na mamake:
"Mkate na chai tu. Hapana, mama. Leo hakupika."
Nikasimama barazani, viatu mkononi,
nikamhesabia.
Ishirini na saba.