Jumanne Nimeiacha Wazi

Kalenda ya dayosisi imefika kutoka Masasi
kwa basi la asubuhi,
inanuka wino, na samaki mkavu aliyekaa nayo njiani.
Nimeitundika Newala hapa, kwa msumari ule ule.

Ya mwaka jana sijaitupa. Iko chini ya godoro,
miraba yake imevimba wino mwekundu:
Malatu, mazishi. Chilangala, kipaimara.
Mnyambe, kikao, mkesha, harambee ya mabati,
kikao cha kupanga kikao.

Niliuanza mwaka ule kama mtu anayefukuza mbuzi.
Majilio, vigango saba kwa siku mbili.
Krismasi ilinipita nikiwa juu ya pikipiki.
Jumatano ya Majivu nikachovya kidole,
nikakifikisha kwenye paji la Bi Tekla Nangomwa:
Kumbuka, ee mwanadamu…
Nikakwama.
Kumbuka nini?
Yeye, macho kayafumba, akanong'ona:
“U mavumbi, padri.”
Taratibu, kama anayeniambia
kanzu nimeivaa ndani nje.

Yaliyofuata ni ya madaktari wa Ndanda.
Siku kumi na moja, dripu, dari,
mjusi mmoja ambaye hakuwa na ratiba.
Na mtaa haukufa. Hilo liliniuma kuliko sindano.
Malatu walizikana.
Chilangala waliimba, na nasikia waliimba vizuri.
Funguo za kanisa nilizolala nazo kiunoni
kumbe Anselmi anazo nyingine,
tangu enzi za padri aliyenitangulia.
Hakuna aliyemuuliza, akanyamaza nazo.

Mwezi wa kumi Hilda alinipeleka shambani kwao
nikaokote korosho pamoja na watoto.
Mkorosho hauchumwi.
Unafagia chini yake, halafu unangoja bibo lidondoke.
Mtoto akitikisa tawi anafokewa:
Unaangusha mbichi! Daraja la pili hilo,
mnadani watatucheka!
Nikainama na kikapu changu.
Ndugu wawili wa Mcholi niliwapatanisha kwa dakika arobaini,
maana saa tisa nilikuwa na kikao.
Wamerudi mahakamani.
Ile ndoa ya Agosti sitaki hata kuitaja.

Jana, mbele ya baraza,
Bi Dafrosa mhazini alipitisha kidole kwenye kalenda mpya,
kikateleza, kikasimama.
“Jumanne hapa hamna kitu.”
Hamna.
“Mwezi mzima?”
Mwaka mzima.
Mtu akakohoa. Nje madumu ya maji
yalikuwa yakishushwa kwenye baiskeli, moja, moja,
na kijana aliyeyapandisha kutoka bondeni
alikaa juu ya la mwisho, hana haraka na mtu.
“Basi andika chochote,” akasema Bi Dafrosa.
“Ukiacha wazi, watu watapajaza.”

Nikashika kalamu.
Pumziko, kwa wino mwekundu, lingeonekana uvivu.
Sala ingekuwa kweli nusu.
Nikaandika: Ming'oko.
Wakacheka. Mimi pia.
Bi Dafrosa hakucheka; alisoma tena,
akagonga muhuri.

Leo ni Jumanne.
Simu iko kwa Anselmi pamoja na funguo zangu,
sasa anazo jozi mbili.
Mawingu yamekaa upande wa Ruvuma, hayajaamua.
Tunachimba, Hilda na mimi, kabla mvua haijatuwahi.
Mng'oko ni wa kufuatwa polepole kwa ncha ya jembe;
ukiuvuta unakatika,
unabaki na kipande mkononi
na shimo linalokutazama.
Nimeshakata mitatu.
Hilda hasemi kitu. Kikapu chake kinajaa.

Kengele ya kanisa inalia.
Nimenyanyuka nusu, goti moja bado mchangani.
Hilda hajainua kichwa.
Sijui inalilia nini.
Anselmi anajua.