Arobaini

Kwenye ukuta wa kiwanda cha mazulia, Halifax,
lipo doa jeusi, kimo cha nyonga ya mtoto.
Hapo Winifred Ackroyd alipiga mpira jioni baada ya jioni,
na ukuta ukamrudishia kila alichoupa.
"Huo tu," husema, "ndio ulionishinda."

Mimi humfunga kamba za viatu, Jumanne na Ijumaa.
Goti lake la kushoto huijua mvua kabla ya redio.

Kombe la kwanza lilikuja na hati ya pauni kumi,
si fedha: ruhusa ya kuchagua kitu dukani.
Akachagua koti la sufu, la mama yake.
Mama akalivaa kiwandani, kwenye joto la mitambo,
ili waone.

La tano, baba yake ana siku tisa kaburini.
Hakulia. Alihesabu:
kumi na tano, thelathini, arobaini.
Nikamweleza: kwetu siku ya arobaini husomwa hitima,
na za mwizi pia ni hizo hizo.
Akacheka hadi meno ya bandia yakamtoka.
"Miaka kumi na mitatu nafika arobaini,
na hawakunikamata!"

Alikamatwa Juni moja, na binti asiyepepesa macho.
Akampa mkono juu ya wavu: "Kunja goti zaidi."

Makombe? Moja liko dirishani, limejaa vibanio vya nguo.

Jana kaniomba nimsukume hadi ukutani.
Nikarusha mpira. Ukarudi.
Akanyoosha raketi, akaukosa.
"Kumi na tano kwa ukuta," akasema,
akifuta miwani.
"Rusha. Arobaini bado mbali."