Joto la Siku Ile

Al-Khodh, saa nane usiku. Nje nyuzi thelathini na nane,
ndani ya maabara ishirini na mbili kamili.
Mundhir kaniachia zamu, na karatasi mlangoni:
Usifunge kwa kishindo. Inatetemeka.

Tuliuyeyusha ubani wa Dhofari, ule wa hojari,
tukauchuja magamba na mchanga,
tukatia ndani punje ya kioo ndogo kuliko vumbi,
kisha tukaupoza ghafla, kufumba na kufumbua.
Haukupata wasaa wa kujipanga.
Kila chembe ilikamatwa ilipokuwa:
huyu mguu juu, yule kageuza shingo,
mwingine ndiyo kwanza anauliza njia.
Ukiugusa utaapa ni jiwe.

Kazi yangu maswali mawili.
Nikikuacha, unatetemeka kiasi gani?
Naitazama punje kwa mwale mwekundu,
inacheza papo hapo, haina pa kwenda,
kama mtu anayeota kwa vidole.
Na nikikusukuma, utanijibu lini?
Naisukuma kidogo, kwa adabu, nangoja.

Kwenye maji majibu haya hulingana:
ukijua mtetemo umelijua na itikio,
na kati yao unalisoma joto, hesabu ikafunga.
Kwa ubani huu haifungi.
Kipimajoto: ishirini na mbili.
Hesabu: sitini na kitu,
joto la dakika ile ulipokamatwa,
limo bado, halijapata mlango wa kutokea.

Siku ya kwanza punje ilinijibu kwa sekunde.
Siku ya tatu, kwa dakika.
Siku ya tisa nilikwenda kupika chai, nikainywa,
nikaswali, nikarudi, ndiyo kwanza inajongea.
Hakuna kilichooza. Uzito ule ule,
rangi ile ile ya asali.

Nyumbani Maabila shangazi Ghanima anamenya thomu,
mkono wa kushoto watetemeka wenyewe.
Daktari wa Sibu kasema uzee, kaandika vidonge.
Alhamisi nilimuuliza: nyumba yenu ilikuwa mtaa gani?
Akanitazama kama sikusema kitu,
akauliza kama nimelipa umeme.
Jumatatu, kisu mkononi, mgongo kanipa:
“Kikwajuni. Kitasa kilikuwa kibovu,
mlango tukiuegemeza jiwe.”
Akaendelea na thomu.

Walivushwa katika wiki moja. Alikuwa na miaka tisa,
kiatu kimoja kimeloa.
Hilo sikuliandika daftarini.

Usiku wa kumi na moja umeme ukakatika.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza.
Uliporudi ulirudi na wazimu:
hita ikapanda mpaka themanini, haina wa kuizuia,
na ubani ukalegea, ukatiririka,
chembe zote zikashusha miguu.
Ukumbi mzima ukanukia.
Shafiqul mlinzi akaja na tochi
akiuliza nani anaoa.
Siku kumi na moja za kungoja, zote zimefutika,
na mimi nimesimama pale nacheka peke yangu,
au karibu na kucheka.

Nikaupoza tena, ghafla, kama mwanzo.
Nikaisukuma punje. Ikaitika papo hapo,
kama mtoto aliyeitwa kwa jina la nyumbani.
Nikaandika: umri, sifuri.

Alfajiri nimeingia na harufu mwilini.
Shangazi kashika upindo wa shela langu,
kaupeleka puani, akakaa nao.
Nilisimama bila kuhema, sijui nangoja nini.
Mkono ukaendelea na mtetemo wake.
“Kikombe chako kiko jikoni,” akasema. “Kimeshapoa.”

Leo Jumatano.
Mlango nimeurudisha taratibu.
Simuulizi tena.
Nimekaa upande wa pili wa sinia
namenya thomu, nazihesabu siku.