Nusu Alama

Lilikuja Shabab juu ya lori la mbao,
limeinamisha pua kama mtu aliyesingiziwa wizi.
Miaka ishirini na mitatu ndani ya banda la kuku huko Rongai:
Fairmont ya silinda nane, rangi ya damu ya mzee,
ingawa chini ya kile kinyesi ulihitaji imani kuiona.

Bi. Bosibori, mkunga mstaafu, alinipa ufunguo
uliofungwa kwa uzi wa sweta.
"Marehemu hakuniruhusu kushika usukani," alisema.
"Aliniruhusu kuliosha."

Miezi minne.
Kwanza maji, maji tu, mpaka mtaro wetu ukanuka banda.
Kisha msasa: wa mia nne, wa elfu, wa elfu mbili,
ule wenye ulaini wa jani changa la malenge.
Luseno alinyoosha milango kwa nyundo ya mpira,
akigonga, akitega sikio, akigonga tena,
kama mnunuzi wa tikiti maji asiyemwamini muuzaji.
Mimi niliachiwa madogo:
mswaki kwenye nati za magurudumu,
pamba ya masikio kwenye matundu ya redio,
kijiti cha mshikaki kwenye mishono ya viti,
na nta, duara juu ya duara,
mpaka bega likawa na kelele zake lenyewe.

Na huu ni mji wa vumbi.
Upepo ukishuka Menengai haupigi hodi.
Unapangusa boneti, unageuka kutafuta kitambaa kingine,
ukirudi, mtoto wa jirani ameshaandika jina lake.
Nilimwagia sakafu maji kila saa.
Nilitundika mablanketi mlangoni.
Nililala karakanani, nikaota napangusa.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Letu lilikuwa jema hata likakatazwa kutembea.
Injini tuliiwasha mara moja, Alhamisi usiku;
mbwa wa mtaa mzima wakanyamaza.
Tukaizima, tukasugua masizi ya ekzosi kwa limau.
Jumamosi likaenda maonyeshoni kama lilivyokuja:
limebebwa.

Jaji alikuwa kijana wa glavu nyeupe
na kioo kidogo cha daktari wa meno.
Alilala chali chini yake, hakuona tone.
Akapitisha kidole ndani ya buti, chini ya kapeti,
nyuma ya kibati cha namba:
nyeupe, nyeupe, bado nyeupe.
Kisha akaketi, akafikiri,
akawasha feni ya dashibodi.

Ukatoka unyoya.
Mmoja. Mweupe, wenye doa la kahawia.
Ukapanda mbele ya kioo, ukayumba,
ukashuka bila haraka yoyote,
ukatua juu ya goti la jaji.

Luseno alitazama viatu vyake.
Bi. Bosibori alicheka mpaka akashika bampa,
bampa! kwa mkono mtupu, wenye mafuta ya kujipaka!
vidole vyake vitano vikabaki kwenye kromu.
"Huyo namjua," alisema. "Aliatamia kiti cha mbele.
Tulimla Krismasi."

Nusu alama.
Tukawa wa pili, nyuma ya Kapri ya manjano ya mtu wa Eldoret.

Dereva wa lori alikuwa keshatandika mbao za kupandishia.
"Rudisha mbao zako," Bi. Bosibori akamwambia,
akaninyang'anya ufunguo.
Akavua viatu. Akauweka unyoya juu ya dashibodi.

Kwenda Kiamunyi alichagua ile njia isiyo na lami,
vioo vyote chini,
vumbi nyuma yetu limesimama kama ukuta,
vumbi mbele, vumbi kwenye meno yangu,
na boneti, miezi minne ya bega langu,
ikihama kutoka damu ya mzee
kuwa rangi ya barabara.

Sikusema neno.
Nilikuwa nikihesabu vitambaa vilivyobaki,
naye akisaka gia ya tatu, kwa kuchelewa, kwa makelele,
akiniuliza kama kweli ya nne ndiyo mwisho.