Vidole Vinane

Baba alikuwa na vidole vinane.
Viwili vililiwa na korona, mashine ya mkonge,
mwaka ule niliopata Komunyo ya kwanza.
Fidia: gunia la mchele kwa kila kidole.
Tulikula wali hadi Kwaresima.

Nimekuja kutoka Mwanza kwa basi,
mkobani nina rozari, nina maji ya baraka
katika chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi,
na nina hotuba. Naam, hotuba.
Nilianza kuiandaa Singida, Chalinze nikaipunguza:
Baba, mlango uko wazi.
Baba, miaka thelathini na moja yatosha.

Ngamiani, barabara ya kumi na sita.
Nyumba inanuka detoli na maganda ya ndimu.
Mwanaidi ananipokea mkoba,
huyu ambaye kwa ajili yake Baba
aliikosa meza ya Bwana,
huyu ambaye mama yangu hakulitamka jina lake hadi anazikwa.
Alisema tu: baba yenu kaenda Huko.
Basi nimefika Huko.
Huko kuna mwanamke mwenye magoti mabovu
anayemgeuza Baba kila saa mbili asipate vidonda.

Usiku wa kwanza nikaitoa hotuba.
Akanisikiliza mpaka mwisho
kama mtu anayetajiwa bei ya kitu asichokusudia kununua.
Kisha akauliza:
"Pepe, Muheza mmepita mchana?
Machungwa yameiva?"

Usiku wa pili sikusema neno.
Nilimkanda nyayo, baridi kama sakafu,
nikasali kimoyomoyo, midomo ikinicheza.
"Unasali kipanya," akasema.
"Babu yako katekista angekuchapa. Toa sauti."

Nikatoa. Salamu Maria, umejaa neema.
Mkono wake ukaanza kutembea juu ya shuka:
gumba, cha shahada, cha kati,
namna ya watoto waliofundishwa kabla ya kupewa rozari.
Akamaliza mkono wa kushoto, akaingia wa kulia,
akafika cha nane, akasimama.
Mimi nikaenda peke yangu, ya tisa, ya kumi,
yeye akitazama dari.
"Unaona," akasema, "tangu korona
kila fungu langu lina upungufu wa Salamu mbili.
Yule Mama ananidai."

Tangu korona?
Nikamgeukia Mwanaidi pale mlangoni.
"Kila usiku," akasema. "Mimi na Isha yangu, yeye na yake.
Mimi nina tasbihi ya punje tisini na tisa,
yeye ana vidole vinane.
Ananisubiri nimalize, ndipo tuzime taa."

Ile hotuba ikanikwama kooni kama mwiba wa changu.
Nilisafiri nchi nzima kumletea mtu
kitu kilicholala chini ya mto wake.

Nikaweka vidole vyangu viwili kwenye kiganja chake,
pale penye makovu.
"Kopa," nikamwambia.
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Alfajiri Mwanaidi akamtuma mjukuu kwa baiskeli,
Chumbageni, kwa padre.
Akatandika juu ya stuli kanga yake ya Idi, bado ina gundi ya dukani.
Padre akaja, mlango ukafungwa.
Waliyosemezana sikuyajua, wala sikuuliza.
Sisi wawili tulikaa uani
tukichambua mchele ambao hakuna aliyekuwa na njaa nao.

Alikufa Alhamisi,
kati ya Salamu ya saba na ya nane,
kabla hajavifikia vyangu.
Vilikuwa vimekaa kiganjani mwake, havijaguswa.

Siku hizi kwenye Jumuiya, zamu yangu ikifika,
fungu langu lina Salamu kumi na mbili.
Wananivuta kitenge: Perpetua, umezidisha.
Nawaacha waseme.