Chungu

Muhoroni, harufu ya molasi huamka kabla ya watu.
Imo kwenye godoro, imo kwenye sare za shule,
imo ndani ya maji ya kunywa ukiwa mvivu wa kufunika.
Mchana napima miwa mizanini, tani kwa tani,
jioni najipima mwenyewe, tone kwa tone.
Wenzangu wamecheka hadi wamechoka:
karani wa sukari, mgonjwa wa sukari.

Waliojua kwanza walikuwa chungu.
Mwaka wa sabini na tisa, nyuma ya nyumba za kampuni,
walipanga foleni hadi pale alipokojoa kaka yangu Obuya.
Mama akawamwagia majivu, kisha mafuta ya taa.
Hakuna aliyewauliza wamefuata nini.
Obuya akanywa mtungi mzima na kiu isikatike,
akakonda, pumzi ikanuka tunda lililoiva kupita kiasi,
akalala Jumanne,
Alhamisi tukachimba.
Majirani wakasema ni jicho.

Chungu waliporudi, walirudi kwangu.
Safari hii mama hakugusa majivu.
Alinibeba mgongoni, miaka kumi na mmoja, miguu ikiburuzika,
hadi kwa Sista Drusila wa zahanati ya misheni,
akachemsha mkojo wangu na dawa ya buluu
tukautazama ukigeuka: kijani, manjano, rangi ya chungwa,
kisha nyekundu ya tofali.
"Tofali hili," akasema, "hatulijengei kaburi."

Ndiye aliyenihadithia, akinoa sindano kwenye jiwe,
bomba la kioo likitokota katika sufuria ya uji:
kwamba zamani dawa ilikuwa njaa,
daktari anakunyima chakula ili ufe polepole badala ya haraka;
kwamba katika nchi ya theluji mbwa walitolewa kongosho,
wakadungwa maji ya kongosho la wenzao, wakainua vichwa;
kwamba mvulana mmoja alichomwa maji machafu ya ng'ombe
akatoka jipu, wakayachuja, wakamchoma tena,
akaishi.
"Kwa hiyo hii ni ng'ombe?"
"Ng'ombe, na nguruwe. Usimwambie shangazi yako Msabato."
"Na kupona?"
"Miaka mitano. Wanasema miaka mitano tu."

Friji hatukuwa nayo.
Mama alizika chungu mchangani, akalowesha mchanga,
akafunika kwa gunia la kampuni,
na ndani yake kichupa kimoja, chenye ubaridi wa pua ya mbuzi.
Chungu wakanishtaki, chungu kikanihifadhi,
nayo maisha yakawa machungu, lakini si sana.

Miaka mitano hiyo nimeihesabu mara tisa.
Ng'ombe wakapumzishwa; insulini siku hizi
hupikwa na vijidudu ndani ya mapipa, kama busaa.
Kiwanda kimefungwa, kimefunguliwa, kimefungwa tena.
Redioni kuna bwana anauza mizizi ya kumaliza yote,
lipa kwa simu.
Sista Drusila amelala Koru.
Vidole viwili vya mguu nimeviacha Kisumu, hospitali ya Russia,
na sijaenda kuviulizia.

Jana wameniletea Atemo, wa miaka tisa,
binti wa mkata miwa, kanda mbili za plastiki, kimya.
Tulianza na chungwa.
Alilitoboa mara nane, akalinusa, akataka kulimenya.
"Na nitapona lini?"
Trela la miwa lilikuwa likipita,
mabua yakidondoka, watoto wakiyakimbilia.
Miaka mitano ilikuwa tayari mdomoni mwangu,
imejipanga foleni.
Nikaimeza.
"Inua blauzi," nikamwambia. "Bana ngozi. Sukuma,
hesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa."

Akahesabu kwa Kidholuo, macho kwenye bati la paa.
Alifika kumi, akachomoa,
akaendelea kuhesabu.
Sikumzuia.